Nimechoka kuandika, na watoto wananihitaji: maswali yenu na majibu yangu

Mwezi uliopita nilisimulia hapa jinsi nilivyoiacha blogu yangu kimya kwa miezi minane, mwanangu wa pili alipoanza kutembea. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, karibu zote za wazazi wanaoandika wakati nyumba nzima imelala. Nimechagua saba. Nimezifupisha, na majina yote nimeyaondoa.

Dada, nina watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi tisa, na nina kazi ya kuajiriwa. Miaka mitatu sasa natoa makala kila Jumatatu na Alhamisi. Siku hizi nikifungua kompyuta mwili unagoma. Naukodolea macho ukurasa mtupu mpaka mtoto anaamka, kisha nafunga. Huu ni uvivu? Mama wa wawili

Hapana, mama. Mvivu hawazi kazi aliyoiacha. Wewe unaiwaza hata ukiwa unamwogesha mtoto.

Mwaka 1974 mwanasaikolojia wa New York, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu uchovu alioushuhudia katika kliniki iliyotoa matibabu bure. Waliokuwa wakichakaa pale ni watu wa kujitolea, wenye moyo na kazi yao. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao: akimaliza wagonjwa wake wa mchana, alikwenda kliniki akahudumu hadi usiku. Kila nikikumbuka habari hiyo nawaona wazazi wenye blogu. Anayechoka namna hii ni yule anayeipenda kazi, tena anaifanya baada ya kazi nyingine.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii kwa dalili tatu: nguvu kukuishia, kuichukia kazi au kujiweka mbali nayo, na kujiona kwamba kazi yako huifanyi vizuri tena na huna unachotimiza. Shirika halikuiita ugonjwa, na liliihusisha na kazi tu. Mimi nasema blogu yenye siku mbili za lazima kila wiki ni kazi, hata kama hakuna anayekulipa. Ukijumlisha na ya ofisini na ya nyumbani, unazo tatu.

Sasa jiulize: nani alikupangia Jumatatu na Alhamisi? Ulijipangia mwenyewe, ukiwa na mtoto mmoja anayelala mchana. Nyumba imebadilika, ratiba imebaki ileile. Wengi wanaoniandikia wanataka mbinu ya kuendelea kuitimiza ahadi hiyo. Mimi nataka muivunje. Andika mistari mitatu kwa wasomaji: kwamba unapumzika, mpaka tarehe gani, na kwamba makala za zamani zipo. Mapumziko yasipungue wiki sita. Na katika wiki hizo usiandike za akiba kwa siri, maana hapo utakuwa umeficha kazi tu.

Neno moja zito, kwa sababu mtoto wako ana miezi tisa. Huzuni ya baada ya kujifungua inaweza kumpata mama wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza. Kama huzuni imekukaa wiki mbili mfululizo, kama hulali hata mtoto akiwa amelala, nenda kamwone daktari. Kama yanakujia mawazo ya kujidhuru, nenda leo. Usisubiri mapumziko ya blogu yakuponye.

Mimi ni baba wa mapacha wa miaka mitatu. Naandika kuanzia saa tano usiku mpaka saa nane, na saa kumi na mbili niko macho. Nasoma kuhusu waandishi wakubwa walioandika alfajiri au usiku wa manane wakiwa na watoto. Mbona wao waliweza?

Baba mapacha, tumchukue Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, kwa sababu yeye ndiye anayetajwa sana. Ni kweli: alikuwa analea wanawe wawili peke yake, ana kazi ya uhariri katika kampuni ya vitabu, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Aliandika kabla hakujapambazuka. Lakini kuna sehemu ambayo watu huiruka. Alianza alfajiri kwa sababu watoto walikuwa bado wamelala, kisha akagundua kwamba asubuhi ndipo akili yake ilipokuwa safi, na kwamba jua likishazama hakuwa na makali tena. Usiku aliuacha.

Wewe umeiga ugumu wa maisha yake, ukaacha kuiga kule kujijua. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza mtu mzima alale usiku kwa muda usiopungua saa 7. Wewe unalala nne. Makala unayoiandika saa saba na nusu usiku utairekebisha mara tatu kesho yake, kwa hiyo hata muda hujauokoa.

Igawe kazi yenyewe. Kufikiri, kuandika, kusahihisha, kutafuta picha na kupanga ukurasa ni kazi tano tofauti, na ni moja au mbili tu zinazodai kichwa kilichotulia. Picha unaweza kutafuta mapacha wakicheza pembeni yako. Mawazo unaweza kuyarekodi kwa sauti kwenye simu huku unaosha vyombo. Kinachobaki kwa meza na mlango uliofungwa ni kuandika kwenyewe, na hiyo ni dakika arobaini, si saa tatu.

Halafu kuna hili, ambalo limenisaidia kuliko yote. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiiacha kazi katikati ukahamia nyingine, sehemu ya akili yako inabaki kule ulikotoka. Kila mzazi analijua hilo: mtoto anakuita, unakwenda, unamvalisha viatu, lakini bado uko ndani ya sentensi. Miaka kadhaa baadaye, yeye na mwenzake Theresa Glomb walionyesha kwamba kabla ya kuondoka ukiandika kwa kifupi umefikia wapi na utaanzia wapi ukirudi, akili inaachia. Mimi huandika kwenye karatasi iliyo kando ya kompyuta. Ya juzi ilisema: "Nimefika pale alipokataa koti. Kinachofuata, maneno ya mwalimu." Ilinichukua muda mfupi sana, na mtoto alinipata mzima mzima.

Nikikaa miezi mitatu bila kuchapisha, si nitawapoteza wasomaji wangu wote?

Baadhi wataondoka, ndiyo. Waliojiandikisha kupokea makala kwa barua pepe watazipata siku ukirudi, iwe baada ya wiki moja au baada ya mwaka. Na wanaotafuta jambo kwenye intaneti hawaangalii uliandika lini mara ya mwisho, wanaangalia kama umewajibu. Katika miezi yangu minane ya ukimya, barua za wasomaji ziliendelea kuja kuhusu makala moja ya zamani ya kumwachisha mtoto nepi. Pumzika.

Blogu yangu yote ni malezi. Mwanangu ana miaka 12, na wiki mbili zilizopita alisimama mlangoni akaniambia, "Mama, usiandike tena habari zangu." Tangu siku hiyo nimekauka. Nitaandika nini? Mama aliyekauka

Mama mwenzangu, barua yako nimeisoma mara nne.

Kwanza, mtoto ana haki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, unalinda faragha ya mtoto katika kifungu cha 16, na katika kifungu cha 12 unasema maoni yake yasikilizwe katika mambo yanayomhusu. Nchi nazo zimeanza kuamka. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 kuhusu watoto wanaotumika kwenye video za intaneti, na jimbo la Illinois, Marekani, tangu Julai 2024 linadai mtoto anayeonekana kwenye video za wazazi zinazoingiza pesa atengewe sehemu yake. Sheria hizo zinahusu video na pesa zaidi kuliko makala kama zako. Lakini mwanao amesema jambo lilelile kwa maneno machache.

Pili, nadhani ukavu wako ulianza kabla ya siku ile. Nakwambia kwa sababu ulinipata. Mwanangu mkubwa alianguka na baiskeli, goti likachubuka, akaja anakimbia kwangu huku damu inachuruzika mpaka kwenye soksi. Kabla sijamshika, kichwani mwangu ilikuwa imeshaundika sentensi ya kwanza ya makala. Niliisikia wazi. Nikapiga magoti, nikamwosha goti, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka kwa aibu. Ukiifanya nyumba yako kuwa mgodi wa habari, huna tena mahali pa kupumzika. Chakula cha jioni ni kazi. Kicheko cha mtoto ni kazi. Mtu anachoka kwa sababu hata akiwa amekaa, yuko zamu.

Kwa hiyo mshukuru mwanao. Keti naye, mpe orodha ya makala zote zinazomtaja, azisome mwenyewe, na zile atakazozikataa ziondoe siku hiyohiyo bila kujadiliana. Hata zile unazozipenda. Hata ile iliyosomwa sana. Kisha anza kuandika kuhusu mtu mmoja ambaye ruhusa yake unayo, yaani wewe. Hofu yako ya mwana anayekua, hasira ulizozimeza, jinsi mama yako alivyokulea na unavyojikuta ukirudia maneno yake. Humo mna mengi, na hakuna mtoto atakayeulizwa shuleni.

Mume wangu anasema blogu si kazi kwa kuwa hainiletei pesa. Nikiomba saa mbili za Jumamosi anaona nataka kwenda kucheza. Ananiambia mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Umeinama vya kutosha, dada.

Nadhani ombi lako linamfikia likiwa halina umbo. "Nahitaji muda wa kuandika" halina mwanzo wala mwisho, na mwenzio anahofia litameza wikiendi yote. Omba saa moja, siku moja, kwa saa inayotajwa: Jumamosi, saa tatu hadi saa nne asubuhi, watoto wako kwake na mlango umefungwa. Na yeye mpe saa yake hivyohivyo, bila kumuuliza ataitumiaje. Watafiti wawili wa Ubelgiji, Isabelle Roskam na Moïra Mikolajczak, wanauelezea uchovu wa wazazi kama mizani: upande mmoja yanayokulemea, upande wa pili yanayokubeba. Mzigo ukizidi kwa muda mrefu, mzazi anaisha, awe mama au baba. Saa ya kila mmoja wenu iko upande wa pili wa mizani, na mwambie hivyo, kwamba ni ya nyumba nzima. Pesa usiitaje kabisa.

Saa hiyo ikifika, wewe na watoto msiwe chumba kimoja, na kama inawezekana msiwe hata nyumba moja. Nilikuwa nikijifungia bafuni na simu niandike, na vidole vinne vidogo vinapita chini ya mlango vikipapasa sakafu kunitafuta. Hakuna anayeandika vizuri akivitazama vidole hivyo, na mimi sikuandika.

Kwangu blogu ndiyo inayolipa ada za watoto. Nina mikataba na matangazo. Siwezi kusimama. Nifanye nini?

Wewe usisimame, punguza. Waandikie uliosaini nao mikataba mapema, kabla hujachelewesha kazi hata moja, uombe tarehe mpya. Anayeambiwa mapema hukubali kwa urahisi kuliko anayeshtukizwa. Chukua makala tano zinazosomwa zaidi, zihuishe, uzitoe tena zikiwa na tarehe mpya na maelezo kwamba zimehuishwa. Funga mtandao wa kijamii mmoja, ule unaokula muda mwingi na kuleta kidogo. Fanya hesabu kabla ya kuchagua, kwa sababu mara nyingi ule tunaoupenda ndio usioleta kitu. Maoni ya wasomaji yajibu mara moja tu kwa siku. Na tangu leo usisaini mkataba wenye tarehe iliyo ndani ya likizo ya shule.

Na kama nimepumzika, hamu haijarudi, na kusema kweli sitaki irudi?

Basi funga. Umewalea wasomaji wako miaka yote hiyo, na kuacha unaruhusiwa. Usifute kitu kwa hasira. Programu nyingi za blogu zinakuruhusu kupakua makala zote kwa pamoja. Zipakue, uzihifadhi mahali pawili. Kama unalipia jina la tovuti, amua mapema utaendelea nalo au utaliachia, maana likishaisha muda mtu mwingine anaweza kulichukua na kuweka humo anachotaka, chini ya jina ambalo wasomaji wako wanalijua kuwa lako. Andika aya moja ya kwaheri, uiweke juu ya zote. Ya rafiki yangu ilikuwa na sentensi mbili, na bado naikumbuka: alisema binti yake ameanza kusoma mwenyewe, na kwamba jioni sasa wanasoma pamoja.