Kabla hujaingia studio na nyimbo za watu

Vijana wa bendi za hoteli huku Bamburi na Shanzu, Mombasa, huniuliza sana kuhusu kutoa albamu ya nyimbo za wengine. Nimepiga gitaa kwenye hoteli hizo miaka mingi, na ninachowaambia ni hiki: kuupenda wimbo hakutoshi. Chagua ule ambao maneno yake ukiyaimba wewe, mtu anaamini.

Waangalieni Duran Duran, Waingereza waliovuma sana miaka ya themanini. Mwaka 1995 walitoa Thank You, albamu nzima ya nyimbo za watu. Wahakiki wakaiponda, na mwaka 2006 jarida la muziki la Uingereza, Q, likaiita albamu mbovu kuliko zote. Kupiga walijua. Mwimbaji wa Marekani Lou Reed mwenyewe aliwasifu kwa walivyouimba "Perfect Day" wake. Lakini walichukua pia "911 Is a Joke" wa Public Enemy, kundi la rap la Marekani, wimbo wa hasira ya Wamarekani weusi wanaopiga simu ya dharura na ambulansi haiji. Mastaa tuliowazoea kuwaona kwenye video juu ya mashua za kifahari, hasira hiyo waitoe wapi?

UB40, bendi ya rege ya Birmingham, Uingereza, walitoa Labour of Love mwaka 1983, nayo ni nyimbo za watu tupu. Ila hizo zilikuwa rege walizokua nazo. Hata "Red Red Wine" wa Mmarekani Neil Diamond waliujua kupitia rege ya Mjamaika Tony Tribe. Ukashika namba moja Uingereza mwaka huohuo, na Marekani mwaka 1988.

Sasa "Malaika" wetu, aliourekodi Fadhili William. Bendi nyingi huukimbiza ili wageni wacheze, mwimbaji meno nje. Jamani, yule ni kijana aliyekosa mali ya kuolea! Kwenye mazoezi fulani Mshomoroni niliomba ngoma na kinanda vinyamaze, abaki mwimbaji na gitaa moja. Alipofika pale pa kushindwa na mali, akaishusha sauti bila kuambiwa. Naye yuko mbioni kutafuta mahari. Nikawaambia warekodi hivyohivyo.

Wimbo wa Kilingala usiouelewa uache jukwaani. Ruhusa ya mwenye wimbo ipate kwa maandishi kabla hujalipia studio. Na kabla hujampelekea mtangazaji wa redio, wasikilizishe kina mama walioolewa enzi za wimbo huo. Wakiuliza mbona mmeukimbiza, rudini mazoezini.