Barua kwa mwanangu: matundu ya duara kwenye magazeti ya baba yako

Mpwapwa, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Huku hatujambo, goti la mama yako mkubwa limepungua uvimbe, na jana ameweza kwenda mwenyewe kisimani.

Umeniuliza kama lile sanduku la bati la magazeti ya baba yako litupwe au litunzwe, maana fundi rangi anataka kuanza chumba kile. Ukaongeza kwamba mengi yamekatwa duara katikati, ukadhani ni panya. Panya hakati duara, mama. Ni mimi. Kila duara ulilokuta hapo ni keki moja.

Pima, utaona linalingana na kitako cha ile sufuria iliyopoteza mkono, ambayo kaka yako sasa anawekea kuku maji. Nilikuwa nakata karatasi, naipaka samli, natandika chini ili keki isigande. Sufuria hiyo naiingiza kwenye kubwa yenye mchanga, nafunika, kisha makaa mengi juu na machache chini, kwa sababu moto wa chini ukizidi keki huungua kitako kabla katikati hakujaiva. Wanafunzi wangu wa sayansi kimu niliwafundisha hivyo hivyo hata tulipopata jiko la umeme shuleni, maana kwao nyumbani umeme haukuwapo. Wewe leo usitumie gazeti. Wino wake haufai kugusa chakula, na karatasi za kuokea zimejaa madukani.

Yapange kwa miaka kabla hujaamua lolote. Yale ya 1976 na 1977 yana matundu mengi: kipaimara cha mjomba wako, arusi ya shangazi, watoto wa majirani pale Makole. Baada ya vita vya Kagera yanaanza kupungua. Ya 1982 na 1983 karibu yote ni mazima, na usidhani tulikuwa tumeacha kupenda keki. Sukari ilikuwa ya foleni. Tulitoka alfajiri kwenda duka la ushirika, tukarudi na kilo moja au mikono mitupu. Ngano ilikuwa habari ya kusikia. Hata Waziri Mkuu Sokoine alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi mwaka 1983, na watu wakawa wanatupa mali vichakani usiku, sukari haikufika kwangu. Ya miaka ya tisini hayana tundu hata moja, lakini soma ndani: matangazo ya kumbi, picha za maarusi wanalishana keki. Kiongozi sikuwahi kuligusa, lile ni gazeti la Kanisa.

Darasani nilikuwa nawaeleza wasichana kwamba keki ile nyeupe ya kwenye picha ina kwao. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, magazeti ya London yaliielezea keki yake, uzito wake ratili 300 hivi, imefunikwa sukari nyeupe iliyokuwa kitu cha wenye uwezo. Sisi tumeipokea, tukamweka na mbuzi kando yake. Siku ya send-off yako ulikata vyote viwili, na wakwe zako walipiga vigelegele zaidi kwa keki ya ndafu, mbuzi mzima kwenye sinia na majani mdomoni. Sikuona ubaya. Keki isiyofika kwa jirani ni mkate wenye sukari tu, nimekwambia tangu u mdogo, na ndafu nayo hukatwa ili watu wapelekewe.

Sasa nikwambie la 1984, maana najua tundu hilo utalikuta.

Sokoine alifariki Alhamisi, Aprili 12, kwa ajali ya gari Dakawa, kule Morogoro, akiwa ametoka huku kwetu Dodoma bungeni. Baba yako alikuwa kazini stesheni. Gazeti lilipofika alilileta ndani ya shati, akaketi kwenye kigoda cha uani, akalisoma mpaka giza likaingia, kisha akaliweka sandukuni. Hakunikataza kuligusa. Hapana, niseme kweli: alinikataza. Alisema, “Ya wiki hii yaache.” Mimi nilisikia, ila nilikuwa na Yohana mgongoni na akili yangu ilikuwa kwenye ubatizo wake.

Ubatizo ulikuwa Pasaka, Aprili 22. Sukari niliikusanya kidogo kidogo tangu Januari kwenye kopo la maziwa. Bibi yako wa Bihawana alileta samli, siagi ya dukani haikuonekana. Zabibu za mavuno ya Machi nilizianika juu ya bati. Unga wa kuumulia sikuwa nao, nikapiga ute wa mayai mpaka mkono ukafa ganzi. Jumamosi usiku, kibatari kinafifia, nikavuta gazeti la chini kabisa nikijua ndilo kuukuu. Kumbe yeye aliliweka chini kusudi, lisikunjamane.

Baada ya misa wageni wakakaa. Nikaipindua keki kwenye sinia, akanyanyuka baba yako mwenyewe kuibandua karatasi. Nusu ya picha, nusu ya jina. Herufi zilikuwa zimehamia kwenye keki, zimegeuka kinyume. Aliitazama, akaikunja ile karatasi yenye mafuta mara nne, akaitia mfuko wa koti. Hakusema neno. Akaparua sehemu yenye wino kwa kisu, taratibu, akaikata keki vipande vidogo vidogo, akawapelekea majirani wote kwa mkono wake, hadi yule mzee wa nyumba ya kona ambaye hatukuwa tukisalimiana naye. Chake hakula.

Miaka yote tuliyoishi baadaye hakunikumbusha. Nimewaza mara nyingi kwamba angenigombeza siku ile ile ningekuwa nimekwisha kusahau. Halafu nawaza: angegomba vipi, mbele ya padri, mtoto amebatizwa, na keki watu hawajaiona mwaka wa pili? Na mimi ningejuaje? Ningejua. Taa ilikuwepo, ningeliangalia. Lakini kilichoandaliwa kwa shida namna ile kingelala bila kufika kwa mtu, na keki isiyofika kwa jirani, unajua nitakavyosema.

Lile duara nililikuta kwenye koti nilipofua. Nililikausha, nikalitia kwenye bahasha ya kaki. Liko chini ya sanduku, upande wa kufuli. Usilibandike kwenye tundu lake kwa gundi.

Kuhusu kutupa au kutunza, amueni wewe na kaka yako, nyumba sasa ni yenu. Mimi sisemi. Ukiniuliza mara ya pili nitasema, kwa hiyo usiniulize. Ila la Aprili 13 lisitoke kabla sijafika. Naja Alhamisi kwa basi la asubuhi, na zabibu nimekwisha kununua. Mwambie Yohana awatafutie kuku chombo kingine, ile sufuria aisugue kwa majivu.

Mama yako