Dijitalisi yangu ilichanua vizuri, kisha ikafa

SWALI: Shikamoo bibi. Mwaka juzi nilinunua mche wa dijitalisi, yale maua marefu yenye vikombe kama vidole vya glavu. Mwaka wa kwanza ulitoa majani matupu. Wa pili ukarefuka kunipita, ukajaa maua ya zambarau. Yalipokwisha, mmea wote ukakauka. Maji nilikuwa natia kila siku, na mbolea pia. Nilikosea wapi? Je, kuna dijitalisi ya kudumu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukuuua. Hiyo ya zambarau, Digitalis purpurea, umri wake kwa kawaida ni miaka miwili: wa kwanza hujijenga kwa majani, wa pili huchanua, humwaga mbegu, hufa. Mimi wa kwanza wangu niliulilia. Rudi pale ulipokuwa, uiname uangalie vizuri. Kama hukupalilia, huenda ukakuta vimche vyenye majani ya manyoya vimejiotea. Usiving'oe.

Za kudumu zipo, na nataka uanze na Digitalis grandiflora. Ni ya manjano iliyopoa, kimo sentimita 60 hadi 90, na ukichungulia ndani ya kikombe unaona michirizi ya kahawia. Nyuki hutua kwenye ua la chini kabisa, huingia mzima mzima, hutoka, hupanda la juu yake. Nimesimama hapo na ndoo mkononi mpaka nikasahau nilichofuata. Ukipenda rangi ya waridi, tafuta Digitalis × mertonensis, chotara wa grandiflora na ile ya zambarau, aliyezalishwa Merton, Uingereza, katika miaka ya 1920. Ni nzuri sana, ila huchoka upesi usipoigawa.

Sasa hayo maji ya kila siku. Dijitalisi hupenda unyevu, haipendi kutuamiwa na maji. Panapokusanyika majani, pale juu ya mzizi, ndipo panapooza. Mwaka mmoja nilirundika samadi mbichi mpaka shingoni, mvua ikanyesha wiki nzima. Nilipogusa mashina manne yalitoka mkononi, meusi, yananuka. Tangu hapo natumia mboji iliyooza sawasawa, naiweka kuzunguka, siigusishi na shina. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole: kikitoka na udongo mbichi, acha. Mahali pazuri ni penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Kugawa ndiko kunakoifanya idumu kweli. Baada ya miaka mitatu hivi, utaona katikati ya kichaka pamekuwa patupu na majani mazuri yako pembeni. Subiri machipukizi mapya yaanze kutoka mwanzoni mwa msimu wa kukua, chimba kwa mbali, inua bonge zima, kung'uta udongo. Utakuta vichwa kadhaa vya majani, kila kimoja na mizizi yake. Vitenganishe kwa mikono. Penye ukaidi tumia kisu kikali. Cha katikati kilichozeeka kitupe. Vilivyobaki uvipande kwa kina kilekile vilichokuwa nacho, sentimita 40 baina yao.

Ukipanda kwa mbegu, usizifukie. Ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote. Zinyunyize juu ya udongo laini uliokwisha loweshwa, zikandamize kidogo kwa kiganja, uzingoje wiki mbili hadi tatu.

Jambo moja nakusihi. Mmea huu ni sumu kuanzia mzizi hadi mbegu, na kuukausha hakuondoi sumu. Digoksini, dawa ya moyo, hutokana na ndugu yake Digitalis lanata, lakini kipimo kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno, kwa hiyo asije mtu akakuambia uchemshe majani unywe. Usiupande karibu na mboga za majani. Kabla haujachanua ni rahisi kuuchanganya na majani mengine. Vaa glavu, nawa mikono, na watoto waambie waziwazi.

Maua ya juu yakikaribia kuisha, kata mkuki wote wa maua karibu na majani ya chini. Mara nyingi grandiflora hutoa mikuki mingine, mifupi kidogo. Mmoja tu uache ukomae, kwa ajili ya mbegu.