Anza uani, ndipo uchore bomba

Maswali ya wasomaji kuhusu maji na majitaka, yanajibiwa na mhandisi mstaafu aliyefanya kazi miaka 29 katika mamlaka za maji za mijini

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni afisa mipango, nina miezi saba kazini katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wa Kanda ya Kati wenye kaya kama 40,000. Nimepewa niandike sehemu ya majitaka katika mpango mkakati wa miaka mitano. Nimekabidhiwa mpango uliopita niufuate. Una dira, dhima, jedwali la uwezo na udhaifu, kisha lengo la kupandisha kaya zilizoungwa kwenye mtandao kutoka asilimia 5 hadi 25. Miaka mitano imekwisha na tupo asilimia 6. Bosi anasema niandike 25 tena. Nianzie wapi?
*Afisa mipango, Kanda ya Kati*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anzia getini, kwenye mabwawa yenu ya majitaka. Chukua daftari, kaa na mlinzi siku saba mfululizo, Jumapili ikiwemo, uandike kila gari la kunyonya majitaka linaloingia: limefika saa ngapi, tangi lake lina lita ngapi, limetoka mtaa gani, limenyonya karo au shimo, na mwenye nyumba amelipa shilingi ngapi kwa tripu. Msalimu dereva, mweleze kuwa hutafuti kodi wala leseni. Atakwambia mengi kuliko ripoti zote zilizo kabatini kwako.

Mimi nilifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 14 kazini, na hadi leo inaniuma kwamba nilichelewa kiasi hicho. Mpango wetu ulikuwa ukitaja kaya zilizo kwenye bomba, basi, kana kwamba wengine hawaendi chooni. Daftari la wiki moja lilionyesha kwamba magari yalitoka kata nne tu, zote zenye barabara nzuri. Kata tatu za bondeni, ambako watu wamebanana kuliko kwingine kote, hazikuleta gari hata moja. Nikashuka kuuliza. Mama mmoja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akanionyesha tundu lililozibwa kwa tambara na udongo chini ya ukuta wa choo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, tambara linachomolewa, choo kinatapishwa mferejini. Jirani yake, asiye na mfereji, alikuwa amechimbiwa shimo la pili pembeni, na kijana aliingia mle kwa ndoo na kamba, bila glavu wala buti. Mfereji ule ulikuwa unapita mita chache kutoka kisima walichokuwa wakichotea maji ya kufulia.

Hayo ndiyo majitaka ya mji wenu, mwanangu, na ndiyo yanayotakiwa kukaa ukurasa wa kwanza. Wataalamu wa usafi wa miji wana mchoro mmoja ninaoupenda sana: kushoto unaandika aina za vyoo, kulia unaandika mahali kinyesi kinapoishia, na katikati unachora mishale. Unene wa kila mshale ni idadi ya watu. Mishale ya kijani ni ya kinyesi kilichofika kwenye tiba, yaani mahali pa kusafishia majitaka, au kilichofukiwa salama, myekundu ni ya kile kilichoishia mferejini, mtoni au uani kwa mtu. Umechorwa kwa miji mingi, Kampala na Dar es Salaam zikiwemo. Hauhitaji mshauri wa kigeni. Unahitaji daftari lako la getini, orodha ya wateja walioungwa, maafisa afya wa kata, na siku kama kumi za kutembea kwa miguu.

Sasa hiyo asilimia 25. Usimbishie bosi wako kwa maneno, mpelekee hesabu. Kutoka 6 hadi 25 ni nyongeza ya asilimia 19. Kwa kaya 40,000 ni maungio mapya 7,600, yaani 1,520 kwa mwaka, yaani takriban sita kila siku ya kazi, mwaka hadi mwaka, mvua na jua. Miaka mitano iliyopita mmeunga kaya kama 400, ambazo ni 80 kwa mwaka. Muulize mkuu wa kitengo ana mafundi wangapi na gari ngapi, uandike jibu lake kando ya hesabu hiyo. Bosi mwenye busara ataiona mwenyewe. Tena kaya zenyewe haziwi 40,000 milele. Mji ukikua, asilimia ileile inadai kazi zaidi.

Lakini uchache wa mafundi ni nusu tu ya habari, na hapa nataka unisikilize vizuri, kwa sababu kosa hili nililifanya kwa mkono wangu. Katika mji mmoja wa pwani nilisimamia mpango wa kulaza bomba jipya kwenye mtaa wa zamani. Bomba lilipita barabarani, mbele ya nyumba, kama vitabu vilivyotufundisha. Zile ni nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kisha uani, na choo kiko uani mwishoni kabisa. Ili mwenye nyumba aunge, ilibidi avunje sakafu ya ukumbi mzima kutoka uani hadi barazani. Na mteremko nao unadai chake: mita 20 za bomba kwa mteremko wa 1 kwa 40 ni nusu mita ya kushuka, kwa hiyo chemba ya barabarani ilitakiwa iwe chini sana, na haikuwa. Nyumba nyingi uani kuko chini kuliko barabara. Watu walitusikiliza kwa adabu, wakatukaribisha chai, na hawakuunga. Niliandika kwenye ripoti kwamba "mwamko wa wananchi ni mdogo". Sentensi ile naijutia. Wananchi walikuwa na akili timamu. Bomba ndilo lililopita mahali pasipofaa.

Mapema katika miaka ya 1980, wahandisi wa jimbo la Rio Grande do Norte, kaskazini mashariki mwa Brazil, walilitatua jambo hilihili kwa kupitisha mabomba membamba, yasiyo na kina kirefu, nyuma ya nyumba, uani kwa uani, watu wa kitalu kimoja wakikubaliana kwanza. Kwetu, Mwanza wamejenga mifumo rahisishi ya namna hiyo kwenye mitaa ya milimani, kwenye yale mawe ambako hakuna mtu angeweza kuchimba mtaro wa mita tatu. Nenda ukaone kwa macho yako kabla hujaandika neno "mtandao". Omba posho ya siku mbili tu. Ukifika, ongea na akina mama wenye chemba uani kwao, uwaulize nani anazibua ikiziba na kwa gharama ya nani.

Kwa hiyo lengo lako kuu lisiwe idadi ya walioungwa. Liwe hili: kati ya kinyesi chote cha mji huu, kiasi gani kinafika kwenye tiba? Bomba linachangia, gari linachangia, hata pikipiki ya magurudumu matatu yenye tangi dogo inayopenya vichochoroni inachangia. Kampala walipofungua mtambo wa kusafisha majitaka wa Lubigi mwaka 2014, ulisanifiwa kwa mita za ujazo 5,000 kwa siku kutoka kwenye mabomba, na mita za ujazo 400 kwa siku za tope kinyesi linaloletwa na magari. Gari lilitengewa nafasi yake tangu kwenye karatasi. Mabwawa mengi ninayoyajua gari linamwaga kwenye chemba yoyote iliyo wazi, na tope zito linaua bwawa lililojengwa kwa majitaka mepesi.

Jambo lingine, kwa haraka, maana wenzako wa idara ya maji watalisahau. Wahandisi husanifu kwa kukadiria kwamba asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia nyumbani yanarudi kuwa majitaka. Mkipata chanzo kipya cha mita za ujazo 5,000 kwa siku, mmezalisha pia mita za ujazo 4,000 za majitaka zinazotafuta pa kwenda. Kila mradi wa maji utakaoandikwa kwenye mpango huo, dai mstari mmoja chini yake unaosema zile 4,000 zinaelekea wapi. Una haki kabisa. Sheria mnayofanyia kazi, Na. 5 ya 2019, inaitwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, kwa hiyo usafi wa mazingira si kiambatisho cha kazi yenu.

Dira na dhima ziandike mwisho. Zitakuchukua mchana mmoja.

SWALI: Mama Mhandisi, habari za siku nyingi? Nauza chakula karibu na mabwawa ya majitaka ya mji wetu. Miaka miwili hii harufu imezidi, wateja wanakimbia. Mamlaka imetuita wadau tutoe maoni kuhusu mpango mkakati mpya, na nasikia yatajengwa mabwawa mengine mawili. Nikisimama niulize nini?
*Mama lishe, Pwani*

JIBU: Njema, mdogo wangu, na pole sana. Uliza swali moja kabla ya yote: "Bwawa la kwanza liliondolewa tope lini?" Kisha nyamaza, usubiri.

Nikueleze kwa nini. Majitaka yanaingia kwanza kwenye bwawa lenye kina kirefu, mita 2 hadi 5, lisilo na hewa, na humo uchafu mzito unazama na kuliwa polepole na bakteria. Yanahamia bwawa la pili, lisilo na kina sana, ambako mwani unatengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Mabwawa ya mwisho ni ya kuua vijidudu vya maradhi, na hapo tena mfanyakazi mkuu ni jua. Hakuna umeme wala dawa. Ni kazi nzuri ajabu, na nimeipenda tangu ujana wangu. Lakini tope la bwawa la kwanza linapanda mwaka hadi mwaka. Likifika kama theluthi moja ya ujazo, litolewe, na hiyo huwa kila baada ya miaka michache. Lisipotolewa, majitaka yanapita juujuu bila kukaa, bwawa la pili linalemewa, na harufu inafika kwenye sufuria zako.

Unaweza kulipima hili kwa macho. Bwawa la pili likiwa zima, rangi yake ni kijani. Likigeuka la waridi au zambarau, au jeusi, limezidiwa. Piga picha kwa simu asubuhi kadhaa, nenda nazo mkutanoni.

Katika mipango niliyoisoma, kutoa tope ndicho kitu kinachosahauliwa kuliko vyote. Bwawa jipya lina mgeni rasmi na jiwe la msingi. Kutoa tope kuna vijana, pampu, koleo na eneo la kukaushia, na pesa zake zinatoka mfukoni mwa mamlaka yenyewe, hakuna mfadhili anayezitoa. Kwa hiyo waombe wakuonyeshe kwenye bajeti: mwaka gani, shilingi ngapi, na tope litapelekwa wapi. Kama mstari huo haupo, mabwawa mawili mapya nayo yatajaa, nawe utakuwa na mengi zaidi ya kukunukia.

Ukibaki na nafasi ya swali la pili, waombe majibu ya maabara ya maji yanayotoka bwawa la mwisho. Kuna kipimo kinaitwa BOD, kinachoonyesha vijidudu vitahitaji oksijeni kiasi gani ili kuumaliza uchafu uliobaki. Kiwango cha Tanzania ni kisizidi miligramu 30 kwa lita. Namba hiyo si siri. Na kama kuna vijana wanamwagilia mchicha kwa maji hayo, wataje mbele ya wote. Moshi, maji yanayotoka mabwawa ya Mabogini yanamwagilia mashamba ya mpunga. Wakulima wa namna hiyo wanapaswa kuwemo ndani ya mpango, wapimiwe maji mara kwa mara, wafundishwe kuvaa buti, waambiwe mapema siku ambayo maji si salama.

SWALI: Mimi ni diwani. Mama, kwa nini mpango wetu usiseme tununue mtambo wa kisasa kama wa Ulaya tuachane na mabwawa yanayokula ardhi?
*Diwani, Nyanda za Juu Kusini*

JIBU: Mheshimiwa, mtambo wa namna hiyo una mahali pake. Kampala, ambako ardhi ya katikati ya jiji imebana, mtambo wa Bugolobi ulisanifiwa kwa mita za ujazo 45,000 kwa siku, na gesi ya tope lake inazalisha umeme. Lakini mitambo hiyo husafisha kwa kupuliza hewa kwenye majitaka, na kazi hiyo peke yake inaweza kula nusu au zaidi ya umeme wote wa mtambo, usiku na mchana. Nilitembelea mji mmoja mdogo wenye mashine nne za kupuliza hewa. Moja ilikuwa inazunguka. Tatu zilikuwa zinasubiri beringi kutoka nje, mwezi wa 19 huo, na majitaka mabichi yalikuwa yanakwenda mtoni. Waombe wataalamu wenu waandike bili ya umeme ya mwezi na bei ya vipuri vya miaka kumi, muone kama wateja wenu wataibeba.

Kwenye jambo la ardhi ndipo nakuomba unisaidie. Mabwawa ya Vingunguti, Dar es Salaam, leo yamezungukwa na nyumba na viwanda. Mji wenu bado una nafasi bondeni, chini ya makazi, ambako majitaka yanaweza kushuka yenyewe bila pampu. Baraza lenu la madiwani ndilo lenye sauti. Hizo heka zipimwe na ziandikiwe hati kwa jina la mamlaka mwaka huu, kabla mtu hajaweka bikoni za viwanja.