Daftari la fundi wa kanzu

Wiki mbili kabla ya Idi nilikwenda Kibokoni, hapa Mombasa, kwa fundi anayenishonea kanzu tangu nikiwa mtoto wa madrasa. Nilikwenda kifua mbele. Kwa miezi saba nilikuwa nashinda kwenye vyuma, mzani umepanda kutoka kilo 64 hadi 73, na nilitaka mtu anayejua mwili wangu aone. Akanizungushia tepu, akafungua daftari lake lenye vipimo vya mwaka uliopita, akatazama, kisha akanipima tena.

"Mwanangu, shingo imeongezeka nusu inchi. Kifua mbili. Tumbo nne." Akavua miwani. "Sasa kanzu hii nikate ya kifua ama ya tumbo?"

Vijana waliokuwa wakingoja zamu yao walicheka. Nami nilicheka nao, lakini njia nzima hadi Makadara nilikuwa nikijiuliza hizo kilo tisa zilikwenda wapi.

Jimuni watu huniuliza sana, "Nifike kilo ngapi?" Mimi nilikuwa na jibu langu: 80. Ukiniuliza kwa nini 80, sikuwa na hesabu yoyote. Kulikuwa na jamaa mmoja, mwili umechongeka, aliyesema ana kilo 80, nami nikaitaka 80 yake. Yule bwana ananizidi kichwa kizima kwa urefu. Basi nikala kuifuata hiyo namba: mahamri manne na mbaazi asubuhi, viazi karai nikitoka jimuni, wali wa nazi usiku, na Ijumaa biriani sahani mbili. Mama akinitazama namwambia, "Hii ni misuli, mama." Kila Jumamosi napanda mzani wa shilingi kumi pale Mwembe Tayari, na viatu vyangu mguuni, nashuka nikitabasamu.

Mzani haukunidanganya, ila swali nililouuliza lilikuwa baya. Mzani hupima mifupa, maji, damu, chakula cha mchana, mafuta na misuli, vyote kwa mkupuo. Hata BMI, ile hesabu ya uzito na urefu iliyotokana na kazi ya Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, ilinipa 24.7, yaani mtu wa kawaida kabisa. Haikuwa na njia ya kujua kilichoongezeka ni nini.

Tepu ya fundi ilikuwa nayo. Kuna hesabu iliyotengenezwa mwaka 1984 kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, inayokadiria mafuta ya mwili wa mwanaume kwa vitu vitatu tu: urefu, shingo na tumbo usawa wa kitovu. Vikokotoo vyake vimejaa mtandaoni, bure. Nikarudi kwa fundi kumwomba namba zangu za zamani. Alinitazama kama mtu anayedai risiti ya miaka ya nyuma, lakini akanipa. Mwaka uliotangulia: shingo inchi 14, tumbo 34. Sasa: 14 na nusu, na 38. Urefu wangu sentimita 172.

Namba zikatoka hivi. Mwanzo nilikuwa na mafuta asilimia 20 hivi. Katika kilo 64 hiyo ni kama kilo 13, na kilo 51 zilizobaki ni kila kitu kisicho mafuta. Baada ya miezi saba ya mahamri, asilimia 26. Katika kilo 73 hiyo ni kilo 19 za mafuta na 54 za vingine. Kwa hiyo katika kilo tisa nilizojigamba nazo, sita ni mafuta, tatu hivi ndizo zilizoweza kuwa misuli. Nasema zilizoweza kwa sababu uzito usio mafuta una maji pia, na maji huja na kuondoka yanavyotaka.

Hapo ndipo nilipoacha kuweka lengo la kilo na kuanza kuweka lengo la uzito usio mafuta. Kuna kipimo chake kizuri. Chukua uzito usio mafuta kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita, kisha ugawe tena kwa urefu uleule. Mimi: 54 kwa 1.72, kisha kwa 1.72 tena, napata 18.3. Wanaume wengi wasiobeba vyuma huwa kati ya 18 na 20. Yaani baada ya miezi saba ya jasho nilikuwa ndiyo kwanza naingia mlango wa watu wa kawaida! Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya wanamichezo wanaume 157, wengine wakitumia steroidi, zile dawa za kukuza misuli, wengine la. Wasiotumia walikuwa hawapiti 25 hivi. Wale wa picha tunazotumiana kwenye simu, wengi ukiwapigia hesabu wanaivuka hiyo 25. Mtu akikuonyesha picha ya namna hiyo na kukwambia ni mayai na nidhamu tu, mwitikie kwa heshima, uende zako.

Sasa irudie ile 80 yangu kwa hesabu hiyo. Ili niwe kilo 80 na mafuta asilimia 16, ningehitaji kilo 67 zisizo mafuta, kipimo cha karibu 23. Si haramu, ni kazi ya miaka mingi kwa mtu wa urefu wangu. Kuitafuta kwa mwaka mmoja ndiko kulikonipa tumbo la inchi 38.

Lengo jipya nililiandika nyuma ya daftari la jimuni: kilo 57 zisizo mafuta, kilo 11 za mafuta, jumla 68, kwa mwaka mmoja. Lisome tena. Mtu anayetaka kujenga misuli amejipangia kupungua kilo tano. Mwalimu wa jimu aliposikia alidhani nimekata tamaa. Lakini ndani ya zile 68 kuna kilo tatu zaidi za mwili wenye kazi kuliko ndani ya 73. Kilo tatu kwa mwaka ni robo kilo kwa mwezi, mwendo ambao mtu bado mgeni wa vyuma anaweza kuushika bila miujiza. Kama wewe ni mwembamba kweli, tumbo liko ndani, hesabu yako itakwambia uongezeke uzito, na hiyo ni sawa. Usichukue 68 yangu kama mimi nilivyochukua 80 ya mwenzangu.

Kuhusu zana, nimejaribu zaidi ya tepu. Jimu moja ina ile mashine ya kushika kwa mikono miwili. Inapitisha umeme mdogo mwilini. Maji yenye chumvi huupitisha kwa urahisi, mafuta huukataa, na mashine inabuni kutokana na hapo. Sasa fikiria mashine inayotegemea maji ya mwili, Mombasa, mwezi wa Machi, umetoka Likoni umebanwa kwenye feri saa saba za mchana. Asubuhi ilinipa 22, jioni ya siku hiyohiyo ikanipa 26. Ukiwa na kiu, mashine huelekea kuona mafuta yasiyokuwepo. Kama ndiyo uliyo nayo, itumie alfajiri tu, kabla ya chai, na ufuate mwelekeo wake wa miezi. Koleo la kufinyia ngozi ni zuri mkononi mwa mtu mmoja mzoefu. Akibadilika mtu, anza upya. Ile mashine kubwa ya eksirei inayopima pia uimara wa mifupa ndiyo inayosifiwa zaidi, lakini bei yake mimi naona heri ninunue samaki.

Tepu nayo ina makosa yake, tena si madogo. Inaweza kukosea kwa asilimia tatu au nne, ambazo kwa mtu wa kilo 70 ni kilo mbili hadi tatu. Ndiyo, karibu lengo langu zima la mwaka! Ndiyo maana sisherehekei kipimo kimoja. Napima mara moja kwa wiki nne, Ijumaa asubuhi baada ya choo na kabla ya kula, tepu ileile, mara tatu, nachukua wastani. Pumzi naitoa kawaida. Ukivuta tumbo ndani unamdanganya nani? Uzito naupima kila asubuhi nyumbani, na siku hizi naangalia wastani wa wiki, maana usiku wa pweza wa chumvi na maembe yenye pilipili unaweza kunipandisha kilo nzima ya maji. Kisha pembeni naandika mzunguko wa mkono, na kilo ninazonyanyua nikilala kwenye benchi. Tumbo likipungua, mkono ukaongezeka, na benchi ikatoka kilo 45 hadi 60 kwa mara nane zilezile, basi hata hesabu ikikosea asilimia tatu, najua kinachoendelea.

Ramadhani sipimi kabisa. Mwaka wa kwanza nilipima, saa kumi jioni, nikaogopa. Nikapima tena baada ya futari, nikaogopa zaidi. Nangoja hadi nimalize sita ya Shawali ndipo naanza upya. Kreatini, ile poda ya wabeba vyuma, vilevile: ukianza kuitumia, misuli hujaza maji, na kilo moja ya "misuli" inaweza kuonekana kwa wiki moja. Iandike tarehe hiyo daftarini ili usijidanganye. Dada yangu naye alinikumbusha kwamba hesabu ya wanawake ni nyingine, inataka na kipimo cha nyonga, na kwamba siku za mwezi huleta maji yake, kwa hiyo yeye hulinganisha wiki ileile ya mzunguko kwa mzunguko. Na asilimia 16 ya mwanaume si lengo la mwanamke; mwili wake unahitaji mafuta zaidi ili ufanye kazi zake.

Chakula sikukibadilisha sana kama watu wanavyodhani. Nililenga protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwangu kama gramu 110 kwa siku. Yai moja lina gramu sita hivi, kwa hiyo mayai peke yake yangenifukarisha. Samaki wa soko la Kongowea ndiye aliyebeba mzigo, na pojo, na maharagwe. Mbaazi sikuziacha, mimi ni mtu wa Mombasa. Nilipunguza mahamri yakawa mawili na tui nikalifanya jepesi. Viazi karai vilibaki Jumamosi tu. Mwenye sukari au figo mbovu asinakili gramu zangu, amwone daktari kwanza.

Idi ya mwaka uliofuata nilirudi Kibokoni, safari hii bila kifua mbele. Kilo 69. Fundi akapima kimya: shingo 15, kifua 39, tumbo 33 na nusu. Hesabu yake ni mafuta asilimia 17 na nusu, kilo karibu 57 zisizo mafuta. Kilo moja ya mafuta bado ilikuwa juu ya lengo, nikaisamehe kwa heshima ya biriani. Akaandika, akalinganisha na mstari wa juu, akasema mabega ayatanue na kiunoni apunguze.

Mapaja hakuniuliza, nami sikumkumbusha. Hayamo katika daftari lake, na mwaka mzima hayakuwamo katika langu, kwa sababu siku ya miguu nilikuwa kila mara na safari ya ghafla. Tepu yangu ya nyumbani sasa inayapima pia. Kanzu ilinisitiri mwaka ule.