Kuwaeleza wazee wetu Texas mabadiliko ya katiba ya jimbo: nilivyoharibu 2023, nilivyofanya 2025

Mkuu umeuliza utawaelezaje wazazi na watu wa kanisani kwenu hapo Texas zile proposisheni za katiba, yaani mapendekezo ya kubadili katiba ya jimbo ambayo wananchi wanayapigia kura, kabla ya siku yenyewe, maana karatasi ya kura hata wewe uliyesomea huku inakutoa jasho. Hiyo kazi nimeifanya mara mbili, na ya kwanza niliharibu vibaya sana ngoja nianzie hapo.

2023 zilikuwa 14. Nikakesha natafsiri neno kwa neno, nikarusha kwenye grupu la WhatsApp, nikajiona msomi. Sasa ile ya "homestead exemption", yaani sehemu ya thamani ya nyumba unayoishi isiyotozwa kodi ya shule, kupanda kutoka dola 40,000 kwenda 100,000 nikaiandika "msamaha wa kodi ya nyumba". Wee! Asubuhi mama mmoja ananipigia kwa furaha, mwanangu ni kweli hatulipi tena kodi ya nyumba? Niliishiwa nguvu. Kwetu ukisema msamaha mtu anajua kafutiwa lote, na mimi ndo nimeandika hivyo kwa mkono wangu.

Halafu siku yenyewe watu wakaenda na maelezo yangu kwenye simu, na Texas simu haitumiki ndani ya futi 100 kutoka zilipo mashine za kura, unaambiwa zima weka mfukoni. Mzee mmoja alitoka kajibu mbili tu, zile alizokumbuka.

2025 zikaja 17, kura ya Novemba 4. Safari hii sikutafsiri kitu. Kila moja niliieleza leo hali ikoje, ikipita inakuwaje, na hasa hasa IKIKATALIWA nini kinabaki, maana wengi wetu tunaeleza ikipita tu wakati hofu ya mzee iko kwenye kukataa, anadhani akikataa atanyang'anywa hata alichonacho. Proposisheni 13 nikaichora ubaoni: nyumba ya dola 250,000, kwa wakati ule kodi ya shule ulikuwa unapigiwa kama nyumba ni ya 150,000, ikipita unapigiwa kama ni ya 110,000, ikikataliwa punguzo lako la 100,000 liko palepale. Yule mama wa 2023 akasema ahaa, kumbe ni punguzo. Basi kuanzia hapo ni punguzo, msamaha tumeuzika.

Kijana mmoja akadaka, na sisi wapangaji je? Nikamjibu ukweli, moja kwa moja haikugusi, na shule zinafidiwa na jimbo kwahiyo hela hiyo inatoka mfuko mwingine wa serikali, hapo pima mwenyewe. Ya dhamana, namba 3, kwamba jaji awanyime dhamana baadhi ya watuhumiwa wa makosa mazito kama mauaji, haikuhitaji mwalimu kabisa, dhamana kila mtu anaijua, walibishana mpaka chai ikapoa na mimi nikanyamaza. Ukisema utapiga ipi tu, wanaacha kukusikiliza wanaanza kukufuata au kukukimbia.

Kuwa makini na kitu kama namba 16, ile ya kuandika kwenye katiba kwamba anayepiga kura awe raia. Wenye grinikadi, wakaazi wa kudumu wasio raia, waliogopa wakadhani wanapokonywa haki. Haki hiyo hawakuwa nayo, sheria ilishakataza, na nikawasisitiza hata ukipewa fomu ya kujiandikisha pale ofisi ya leseni ya udereva usiijaze kama si raia, inaweza kukuharibia makaratasi yako yote ya uhamiaji.

Kuna mzee wa Kenya akauliza, sasa hapa ndizi ni ipi na chungwa ni ipi? Tulicheka lakini swali ni la maana, kwenye kura ya maoni ya katiba ya Kenya 2005 alama ya ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa hapana, na katiba ni moja unameza yote au unatema yote. Hapa kila moja inasimama peke yake, kubali hii kataa ile ruka ile nyingine, na karatasi haisemi ndiyo wala hapana, inasema "For" na "Against", hayo maneno mawili wafundishe wayaone kwa macho kabisa.

Chapisha kwenye karatasi, mstari mmoja kila namba, karatasi wanaingia nayo. Asiyesoma Kiingereza anaruhusiwa msaidizi anayemtaka, asiwe tu bosi wake au wakala wa bosi, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi, na msaidizi anakula kiapo.

Wewe mwenyewe soma kwanza ule uchambuzi wa Texas Legislative Council, wanautoa kabla ya kura na una hoja za pande zote mbili. Na ukifika kwenye mambo ya nyumba beba fomu za ofisi ya uthamini ya kaunti, ile inayokadiria thamani ya nyumba, kwa sababu punguzo ni la nyumba unayoishi mwenyewe na lazima uwe umeliomba, kwetu siku ile nusu ya wenye nyumba hawakuwahi kujaza, tukaacha katiba tukajaza fomu mpaka saa nne usiku.