Mume wangu hataki tupumzike Kibuye

SWALI: Jambo Papa. Mwezi wa saba mimi na mume wangu tunataka kutembea kwa miguu kutoka Gisenyi mpaka Kamembe, halafu tuvuke mto Ruzizi tukamsalimie dada yangu Bukavu. Nimeomba tukifika Kibuye tukae siku nzima bila kutembea. Yeye anasema mwili ukipoa hauamki tena: tule, tulale, asubuhi tuendelee. Tumeanza kununiana, na hata viatu hatujanunua. Nani yuko na haki? Na siku hiyo ya kupumzika mtu anafanya nini hasa?
Mama wa Himbi, Goma

JIBU: Jambo mama. Haki iko kwako, ila usimwonyeshe ukurasa huu wakati ana njaa.

Njia mnayoitaka ndiyo ile iitwayo Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu upande wa Rwanda, kutoka Rubavu (ndiyo Gisenyi) hadi Rusizi (ndiyo Kamembe). Wengi wanaoitembea kwa miguu huipangia siku 10, na Kibuye, yaani Karongi, iko karibu katikati. Watu wanasikia “kando ya ziwa” wanadhani ni tambarare. Hapana. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na njia inapanda mgongo wa mlima, inashukia ghuba, inapanda tena. Materemko ndiyo yanayoumiza, maana kila hatua kidole gumba kinagonga mbele ya kiatu na goti linabeba mzigo wote. Ni kweli mguu uliopumzika usiku mmoja tu huamka umekakamaa. Kwa hiyo mpe usiku mbili na mchana mmoja katikati. Huyo mchana ndio dawa.

Lakini mchana huo huliwa na kazi ndogondogo msipoziwahi. Fueni nguo jioni ileile mnayofika, kabla ya kula, kwa sababu mkishakula hakuna atakayeinuka. Toeni soli za ndani za viatu, mjaze karatasi kavu, mviweke kwenye hewa, mbali na mbabula. Gundi ya viatu haipendi makaa. Halafu kaeni chini mkaguane miguu. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka. Lengelenge dogo lisilouma liacheni. Likiwa kubwa na linauma, litobolewe pembeni kwa sindano safi, maji yatoke, ngozi ibaki juu, lifunikwe kwa bandeji safi. Mkiona wekundu unaenea, au usaha, au homa, hapo safari inasimama: nendeni mkamwone muuguzi palepale mjini. Na mwenye kidonda wazi asiogelee, hata kama ziwa letu halina mamba wala kiboko.

Kuhusu chakula sina maneno mengi: maharage, ndizi, sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa), chumvi ya kutosha. Bia moja, sawa. Tatu, mtalala vibaya.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Siku hiyo muachane saa chache. Mmeamka pamoja, mmetembea pamoja, mmesikilizana mkipumua mlima baada ya mlima. Hata watu wanaopendana sana wanachokana. Mama watoto wangu, ambaye ndiye mwenye kasi nyumbani kwetu, tukifika mji wowote huenda sokoni peke yake. Mimi hulala. Jioni ana habari za kunisimulia, nami nina masikio. Mume wako asiyeweza kutulia apande mtumbwi akaone popo wa kisiwa cha Napoleon, wako wengi mno. Wewe nyoosha miguu. Kumlazimisha akae kitandani ni kutafuta ugomvi mwingine.

Kabla ya kulala usiku wa pili mkubaliane mambo mawili: saa ya kuondoka, na nani anatangulia. Natoa kura kwa mwenye miguu inayouma zaidi, maana mwenye kasi akiwa mbele mwingine huficha maumivu mpaka yanakuwa kidonda. Na msifanye uamuzi wa kupanda basi siku ile mnayofika. Barabara ya lami inayokwenda Kamembe iko hapohapo, na jioni ya uchovu basi linaonekana kama malaika. Ngojeni mpake miguu mafuta, mlale, mle. Kama kesho yake jioni bado mmoja anataka basi, pandeni wote wawili bila lawama. Dada yako Bukavu hataomba cheti cha kilomita.

Mawili ya mwisho. Nguo zenu zipakieni katika mifuko ya kitambaa, kwa sababu Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na pale mpakani wanaangalia. Tena hesabuni kalenda vizuri: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, asubuhi maduka yamefungwa na magari yamesimama. Ikiwaangukia mkiwa Kibuye, nunueni mkate na bandeji Ijumaa.